Punje ya Mahindi ya Jumanne

Kilimani, Masisi, Jumanne tarehe 11 Februari

Mudogo wangu Anne,

Mvua: jana ilianza saa tisa kasoro robo, ikakoma saa kumi na moja. Vidole vitatu katika kopo. Leo asubui ukungu tu.

Ninajua utacheka. Baba yetu alikuwa anasema Léonard anaweza kudanganya juu ya kila kitu isipokuwa mvua, na wewe ulikuwa unaongeza kwamba mvua njo kitu kimoja ambacho hakuna muntu anamuuliza. Basi, nimeulizwa.

Tangu Noeli tuko na komanda mupya wa polisi, jina lake Prince. Kijana safi, hanywi pombe, viatu vyake vinang'aa hata katika matope, na hilo lilinitia wasiwasi mbele ya kunitia heshima. Aliniletea muavuli wake, upepo umeuvunja mbavu mbili. Akingoja, akachukua daftari langu. Unalijua: miaka makumi mbili na mbili, kila mvua, saa iliyoanza, vidole vyake katika kopo la maziwa pale uwanjani, na majina ya waliopita wakilowa mbele ya baraza yangu, kwa sababu anayelowa leo njo mteja wangu wa kesho. Pembeni ninaandika na mambo mengine, fulani ameibiwa maharagi, fulani ameibiwa mbuzi, ili daftari lisilale usingizi.

Alisoma saa nzima. Nilimaliza muavuli wake, nikaufungua, nikautengeneza tena. Mwishoni akasema, "Papa Léonard, wewe uko na akili ya serikali." Nikamujibu kwamba sijawahi kutukanwa kwa upole namna hiyo. Hakucheka. Ni muntu wa kuandika, si wa kucheka.

Sikia alichoona. Tangu Septemba, wezi wamevuna mashamba ya watu mara kumi na moja. Mara tisa ilikuwa kesho yake ya soko, mvua ya mchana ikinyesha, watu wote ndani, upande wa njia ya mikaratusi. Yote hayo nimeyaandika kwa mkono wangu na sikuyaona. Yeye aliyaona akingoja muavuli. Alifundishwa majuma sita: polisi ya zamani inakuja nyuma ya mwizi, hii yake inamutangulia. "Tunataka tumukamate mwizi angali muntu muzuri," akasema. Nikamuambia mpango ni mzuri, kwa sababu hapa kilimani watu wazuri hawakosi.

Ameweka polisi wawili pa mikaratusi, siku ile moja, saa ile moja. Majuma matatu sasa, hakuna shamba lililoguswa. Lazima nikubali.

Bwana yako Séraphin atakupa barua hii pamoja na maharagi. Antene ya simu bado imelala chini, na pa bariere, pale askari wanafunga njia, wanafungua simu za watu wanasoma. Barua hawazijali, wanafikiri ni za kanisa.

Kaka yako,
Léonard Habumugisha, fundi wa miavuli


Kashebere, Jumatatu tarehe 17 Februari

Kaka Léonard,

Barua imefika, maharagi imefika, bwana yangu naye amefika na matope mpaka masikioni. Sisi wote tuko wazima. Watoto wanaomba uwaambie kama mvua ya huko na ya huku ni moja. Nimewaambia ya kwako iko na madaftari, ya kwetu inanyesha tu.

Mama angekuwa hai angekuvalisha kanzu. Miaka yote ile unakaa pale barazani unaandika watu wanaolowa, kumbe ulikuwa unasomea cheo.

Lakini nikuulize kitu. Séraphin njo muntu wa kila Jumanne. Anapita mbele yako na pikipiki, bidon za mafuta ya mawese nyuma, jioni anarudi na maharagi. Umemuandika, ao? Huyo komanda yako akikuta "Séraphin, Séraphin, Séraphin", ataona nani? Ataona shemeji yako anayetafuta chakula ya watoto, ao ataona muntu wa huku Walikale, kwa vijana wenye bunduki, anayekuja kuangalia askari wanalala wapi? Daftari lako halisemi muntu ni wa nani, kaka. Linasema tu alipita.

Na huku tena, vijana wa bariere yetu wanamusimamisha akirudi: "Umewaambia nini kule?" Muuza mawese amepata wakubwa wawili, na hakuna hata mumoja kati yao anayenunua mawese.

Usikasirike. Mimi ninauliza tu, juu huko kwako haonekani muntu wa kuuliza.

Dada yako,
Anne


Kilimani, Masisi, Jumanne tarehe 25 Machi

Mudogo wangu Anne,

Mvua: siku tano mfululizo, vidole vinne kila siku, jana sita. Njia ya mikaratusi imekuwa mto mdogo.

Usiogope. Séraphin nimemuandika kama ninavyoandika wote, na Komanda sasa anamujua, anamupungia mkono.

Tangu nikuandikie, wizi ni mara mbili tu. Mama Uwizeye, jirani yetu wa chini, amevuna maharagi yake yote mwenyewe, mara ya kwanza tangu bwana yake afe. Alimupelekea Komanda kikapo, na mimi bakuli. Kanisani wamenisogezea benchi ya mbele, mimi ambaye nilizoea kukaa karibu na mlango kwa ajili ya kuangalia mawingu.

Sasa kuna jambo jipya. Komanda ameniletea daftari lingine, la jalada gumu, na kalamu ya rangi tatu. Humo siandiki mvua. Ninaandika nani amepita, saa ngapi, anatoka wapi, anabeba nini. Jioni yeye anasoma, na anayepita bila sababu ya kueleweka anawekewa musalaba mwekundu. Misalaba mitatu, unaitwa poste ya polisi kujieleza, mbele ya kufanya kitu chochote. Nilimuuliza sababu ya kueleweka njo ipi. Akanijibu: ile inayoeleweka haraka.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Sebarenzi. Unamukumbuka, yule mrefu wa karibu na kisima. Alipata misalaba yake kwa juma moja, kwa sababu anashuka bondeni mara tatu na panga mkononi, na kule bondeni hana shamba. Kilima chote kinajua anashuka kwa mjane mumoja, panga ni la kumukatia kuni. Wasiojua walikuwa wawili, muke wake na Komanda. Kwenye poste akaombwa aeleze. Polisi aliyekuwa anaandika maelezo, Sylvain, ni kaka ya muke wake. Sebarenzi akanyamaza. Wakamufunga siku nne kwa sababu ya kunyamaza.

Nilicheka, Anne. Nilicheka siku mbili. Siku ya nne nilimuona anatoka, na alikuwa anatembea kama muntu aliyebeba gunia mgongoni, na mgongoni hapakuwa na kitu. Alisimama mbele ya baraza yangu. Akasema polepole, kama muntu anayemusaidia muanafunzi: "Andika, Léonard. Saa nne na nusu. Natoka poste. Sibebi kitu."

Nikaandika.

Kaka yako,
Léonard


Kashebere, Jumatatu tarehe 14 Aprili

Kaka,

Barua hii ukiisoma uichome. Siyo mchezo.

Iko muntu ndani ya jikoni yangu. Tuyizere. Tuyizere wako, yule mulikuwa munakaa benchi moja shuleni, munagawana kalamu moja munaikata katikati. Alifika siku tatu sasa, kwa miguu, amepita msituni. Polisi mumoja alimunong'oneza kwamba ameshapata misalaba mbili, na ya tatu inakuja. Ameacha shamba na maharagi ndani yake. Amemuacha muke wake na mutoto kwa wakwe.

Nilimuuliza, "Ulifanya nini?" Akasema, "Nilikwenda kumuona mutoto wangu wa kwanza upande wa pili wa kilima. Nikarudi. Nikakwenda tena." Njo hayo tu.

Kaka, hakukutukana. Ningependa akutukane. Alikaa pale karibu na moto akasema, "Léonard anaandika vizuri. Yule polisi aliponionyesha ukurasa, ameandika mpaka rangi ya kofia yangu." Kisha akaomba chumvi.

Hapa njiani wanapita wengine. Wanapita asubui, mwanaume peke yake, bila muzigo, bila kusalimia. Zamani watu walikimbia juu ya risasi. Hawa wanakimbia juu ya daftari, na vijana wa huku wanawapokea vizuri sana, wanawapa chakula, wanawauliza kama wanajua kushika kitu kingine kuliko jembe. Mwambie komanda yako hiyo. Ao usimuambie.

Ninakuomba kitu kimoja, sijakuomba kitu tangu nilipoolewa. Séraphin usimuandike tena. Pikipiki yake ikipita, angalia mawingu. Wewe njo unashika kalamu.

Anne


Kilimani, Masisi, Jumanne tarehe 20 Mei

Mudogo wangu,

Mvua: haba. Kidole kimoja tangu Jumapili. Kiangazi kinapiga hodi.

Barua yako niliichoma. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuandika jina la Tuyizere bila mkono kunisimama. Mpe chumvi.

Ulichoomba nimekifanya. Tangu Pasaka Jumanne zangu ni safi. Pikipiki ya Séraphin inapita, mimi naangalia juu. Komanda anasoma ukurasa jioni, anageuza, hasemi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nimeandika siku kwa kuacha kitu nje, na nakuambia ukweli, nilijisikia mjanja. Na mimi sikusoma majuma yake sita.

Kuhusu mambo mengine, sina tena miavuli. Siyo kwamba haivunjiki. Inavunjika, watu wanaifunga na kamba ya mgomba, wanapita nayo nyuma ya nyumba zao ili wasipite mbele yangu. Na Komanda, alipoona njia mpya nyuma ya migomba, ameiwekea polisi, kwa sababu anayepita nyuma ana kitu anaficha. Kanisani benchi ya mbele iko yangu yote. Naweza hata kulala.

Juma lililopita mbuzi wawili wa Mama Uwizeye waliibiwa. Saa sita mchana, jua kali, kati ya nyumba sita. Unajua desturi yetu: anayemuona mwizi anapiga sufuria, na anayesikia sufuria anapiga yake, na katika dakika tano kilima chote kiko nje na mafimbo. Tulikuwa tunakamata wezi hivyo mbele ya mimi na wewe kuzaliwa. Siku ile watu walimuona mwizi. Nina hakika, kwa sababu mimi nilimuona. Hata sufuria moja haikulia. Anayepiga sufuria anaitwa poste kwanza, anaulizwa alikuwa anasimama pale kwa sababu gani. Hata mimi, Anne. Niliangalia mawingu, nimezoea sasa.

Komanda alikuja anauliza nyumba kwa nyumba. Watu wakamujibu kwa heshima kubwa kwamba walikuwa wanapepeta maharagi. Alinikalia barazani, akasema, "Papa Léonard, sielewi, tunaandika zaidi na tunajua kidogo." Ilikuwa karibu nimuonee huruma. Polisi wake wawili walipokuwa wanasimama pale pa mikaratusi, watu waliwapelekea mahindi ya kuchoma. Ningepaswa kumuambia hivyo. Nilimuambia labda kuna mawingu.

Kitu cha kuchekesha, usikose usingizi: Mama Umuhoza anayekaanga mandazi mbele ya baraza yangu, ng'ambo ya njia, tangu Pasaka anatia punje katika kopo kila muntu akipita. Haragi, haragi, punje ya mahindi, haragi. Nafikiri ni rozari ya namna mpya. Yeye ni muntu wa sala nyingi.

Léonard


Kashebere, Jumatatu tarehe 9 Juni

Kaka yangu,

Asante. Sitasema tena asante ya nini.

Huku tuko wazima. Watoto walikula maharagi yako mpaka wakalala kwenye sahani. Mugeni wangu T. anakusalimia, amenichanjia kuni za miezi mitatu, anasema akikaa bure anasikia mutoto wake analia. Mama-mukwe, yule anayekaa kijiji cha Ntoto, anatuita twende tumusaidie muhogo, lakini Séraphin anasema tungoje kwanza.

Séraphin iko na furaha siku hizi. Anasema njia imekuwa rahisi. Pa bariere yenu hawamufungulii hata bidon. Jumanne iliyopita huyo komanda mwenyewe alisimama barabarani kumusalimia, akamuuliza tumeoana miaka ngapi, na jina langu ni nani, na nyumba yetu inaangalia wapi. Akasema, "Mpe Mama salamu zangu." Séraphin aliona ni muntu wa adabu.

Mimi sijui, kaka. Nilizipokea hizo salamu, nikakosa pa kuziweka.

Barua hii iko ndani ya koti yake, upande wa moyo. Nijibu naye kesho jioni.

Anne


Kilimani, Masisi, Alhamisi tarehe 12 Juni

Anne,

Mvua: hakuna. Kopo ni kavu, siku ya tisa.

Anayekuletea hii ni Astrid mkunga. Yeye njo muntu wa mwisho anayepita bila kuulizwa, kwa sababu hata muke wa polisi anazaa. Umuamini.

Séraphin hakurudi kwako, na unajua sasa kwamba siyo pikipiki. Yuko poste. Yuko hai. Nakuandikia yote, kama ilivyokuwa, kwa sababu mimi njo nilifanya.

Jumanne saa tano alipita. Niliangalia mawingu, na hapakuwa na wingu hata moja. Saa sita Sylvain, yule polisi, alinijia, mimi na daftari. Kwenye poste Komanda alikuwa ameweka meza safi. Upande mmoja kulikuwa na vifurushi vidogo vya kitambaa, vimefungwa, kila kimoja na tarehe. Akafungua kimoja akamwaga. Maharagi meupe, maharagi mekundu, mahindi. "Nisaidie kuhesabu, Papa Léonard."

Ilikuwa rozari ya Mama Umuhoza. Haragi jeupe mwanaume, jekundu mwanamuke, mahindi pikipiki. Walimuambia kuna shirika linataka kutengeneza barabara na linataka kujua ni watu wangapi wanaipita. Amekaa pale wiki na wiki akitia punje kwa moyo wote, kwa sababu anataka barabara. Hajui kusoma, kwa hiyo hajui kuacha kitu nje.

Komanda akafungua daftari langu kando ya punje. Siku zote tunalingana, mimi na Mama Umuhoza, hata siku za soko. Isipokuwa Jumanne. Kila Jumanne tangu Pasaka, daftari pikipiki mbili, kopo pikipiki tatu. Alichukua ile punje moja ya kila Jumanne akaipanga mbele yangu, moja, moja, mpaka saba. Akasema, bila hasira, "Wewe unaandika mpaka mbwa wa pasteri. Huyu ni nani, hata umunyime mustari mumoja?"

Ningemuandika, angebaki muuza mawese kati ya wauza mawese. Ni mimi nilimufanya siri. Wewe uliniomba, lakini kalamu ilikuwa yangu, na nilikwambia nilijisikia mjanja. Unakumbuka nilivyoandika.

Kisha wakamuleta Séraphin, wakatoa barua yako katika koti. Komanda aliisoma kwa sauti. Anasoma vizuri, anapumzika penye nukta. Alipofika "mugeni wangu T." alipumzika mahali ambapo hapana nukta. Halafu akaenda kwenye orodha yake, akarudi.

Anamutaka Tuyizere, na anakutaka wewe uliyemulaza. Anasema nyinyi watatu ni kundi, na kundi linalokamatwa mbele halijafanya kitu njo kazi nzuri kuliko zote. Tulipopishana pa mlango, Séraphin, mikono imefungwa, aliniambia neno moja tu, midomo haikusogea sana: "Asikuje." Nakuletea neno lake kama lilivyo.

Ondoka. Chukua watoto na mugeni. Mahali unapajua, usipaandike.

Mimi wamenirudisha barazani, wamenipa kalamu, kwa sababu daftari lazima liendelee. Najua watakuja kuniandikisha barua. Watasimama nyuma ya bega langu, na nitaandika watakachosema, kwa sababu Séraphin yuko ndani. Kwa hiyo shika hili: kila barua yangu inaanza na mvua, hata kiangazi, hata kopo likiwa kavu. Ukiona barua isiyoanza na mvua, si yangu, hata ukiona mkono ni wangu. Usifanye inachosema.

Mama Umuhoza alivuka njia jana kuniuliza kama barabara itaanza lini. Nilimuambia karibu.

Léonard


Kilimani, Masisi, Jumatatu tarehe 16 Juni

Kwa Mama Anne Mukagasana, Kashebere

Salamu nyingi.

Ninakuandikia kukujulisha kwamba bwana yako Séraphin iko na afya njema. Anakula, anasali, anasalimia wote. Kulikuwa na kutoelewana kidogo, na sasa kumekwisha.

Ili afunguliwe, panahitajika tu maelezo madogo kutoka kwako. Unaombwa ufike pa poste Jumanne tarehe 24, saa nne asubui, pamoja na yule mugeni wako, ambaye hana kosa lolote. Mutarudi siku ile ile. Ulete na watoto, baba yao anawauliza sana.

Njia iko nzuri. Usalama umeimarishwa kilimani kote. Wizi umekwisha, watu wanashirikiana na polisi yao, na hakuna anayeogopa kitu.

Umpe jibu muntu wa pikipiki atakayekuletea hii. Atangoja.

Kaka yako anayekupenda,
Habumugisha Léonard


Kashebere, Jumatano tarehe 18 Juni

Kaka Léonard,

Mvua: Jumapili ilianza saa nane mchana na haijakata. Jumatatu na radi. Jana usiseme. Huku Walikale mvua haina kalenda, unajua, na wewe ulinizoesha kuiandika kwanza.

Barua yako nzuri imefika. Muntu wa pikipiki iko hapa mlangoni, amekataa kuingia, amekataa hata kuketi, basi ninaandika haraka. Asante kwa habari ya Séraphin. Sikulala tangu Jumanne ile, leo nitalala.

Ningekuja kesho, siyo Jumanne. Lakini mto umejaa, daraja la miti limekwenda, huyu wa pikipiki amevushwa kwa kamba, watu wengine wamekaa ng'ambo na mizigo yao. Hatutoki hapa. Ukitutafuta, utatukuta nyumbani, mimi na watoto, hatuna mahali pengine pa kwenda.

Kuhusu mugeni wangu T., ni Tantine, shangazi wa Séraphin. Ni muzee, miguu imevimba, pikipiki itamuua. Mwambie Komanda aniwie radhi, angeniuliza mapema ningemuandikia jina lote.

Musalimie Séraphin. Mwambie watoto wamekua, wanasikia neno la baba yao hata akiwa mbali, wanalifanya kama alivyolisema. Mwambie koti yake nyingine nimeikunja vizuri pamoja na nguo za watoto.

Na wewe ujitunze. Usikae sana kwenye jua.

Tutakuja mvua ikikoma. Nimeweka kopo uwanjani kama lako, lile la maziwa. Asubui ya leo nilikwenda kulipima mbele ya watoto kuamka. Vidole vitano, kaka. Nimepima mara mbili.

Dada yako,
Anne